Lowassa, Dodoma 2015 na hesabu za 2030

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako imenifikia, na naona kinyongo cha Julai 2015 bado hakijakutoka. Unasema CCM, wakitafuta mgombea urais, walimkata mtu mwenye watu, Edward Lowassa aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, wakampa tiketi mtu asiye na kambi, John Magufuli, na kwamba ukifanikiwa kuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa chama utasimama kidete jambo hilo lisijirudie 2030. Haya, tubishane. Mimi nasema Lowassa hakuwa mtu wa kuteuliwa na CCM mwaka ule, ingawa sababu zangu si zile zinazorudiwa kila siku vijiweni.

Tuanze na namba, maana kubishana majina bila namba ni porojo. Makada 42 walichukua fomu, 38 wakarudisha. Kila mmoja alitakiwa kuleta wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar. Lowassa alizunguka nchi akapata wadhamini wengi mno kupita hao, na wewe unaushika umati ule kama ushahidi. Lakini mdhamini wa 451 haongezi chochote kwenye kanuni, na hata wale 450 wa halali hawapigi kura kwenye vikao vya Dodoma. Wametia saini kwamba wanamfahamu mtu, basi.

Wanaoamua wako kwenye vikao vitatu vinavyofuatana. Kamati Kuu, ambayo wakati ule ilikuwa na wajumbe 34, inapokea taarifa ya maadili na kupendekeza majina yasiyozidi matano. Halmashauri Kuu ya Taifa, watu mia tatu na kitu wakati ule, inayachuja yabaki matatu. Mkutano Mkuu unachagua moja, na mshindi lazima avuke nusu ya kura; asipovuka, wawili wa juu wanarudiwa. Nguvu ya Lowassa ilikuwa kwenye kikao cha pili na cha tatu. Udhaifu wake ulikuwa kwenye cha kwanza, na bila kukivuka hicho hufiki kwenye vingine.

Tena hakuwa na sababu ya kushtushwa. Februari 2014 chama kiliwapa adhabu makada sita kwa kuanza kampeni kabla ya wakati: yeye, Sumaye, Membe, Wassira, Ngeleja na January Makamba. Aliingia kwenye mchujo akiwa na faili, na juu ya faili hilo kulikuwa na Richmond, kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura iliyomng'oa uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008. Yeye siku zote alishikilia kwamba hakutendewa haki katika suala lile, na hilo linaweza kujadiliwa. Lakini mgombea anayejua atakwama kwa watu 34, halafu akatumia miaka kuwajaza maelfu, amekosea mahesabu. Wapambe wake walimkosea zaidi kwa kutomwambia.

Usiku wa mchujo, Julai 2015, Kamati Kuu ilileta majina matano: Membe, Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kuyakataa maamuzi. Kwenye Halmashauri Kuu wajumbe waliimba kwamba wana imani na Lowassa mbele ya mwenyekiti wao. Wewe unakumbuka wimbo. Mimi nakuomba uangalie walichofanya walipopewa karatasi za kura. Membe, ambaye kila mtu alimhesabu kama mtu wa kambi ya pili, akaanguka pamoja na January. Wakapita Magufuli, Amina na Migiro. Ninavyosoma mimi, waliokatwa mtu wao hawakuwa na uwezo tena wa kumrudisha, ila walikuwa na uwezo wa kuhakikisha mpinzani wake naye hapiti. Kambi mbili zikiwa zimeumizana kiasi hicho, kura zinaangukia kwa yule ambaye hajamuudhi mtu. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Hiyo ni asilimia 87, kwa mtu ambaye miezi miwili kabla hakuwa na kamati ya kampeni ya kuitwa kamati.

Hapo ndipo hoja yako ya «mtu mwenye watu» inapopwaya. Kwenye uteuzi wa chama, swali la kwanza, ni wangapi wanampenda huyu, halitoshi. Uliza la pili: wale wanaompenda mwingine, mtu wao akiondoka, wanahamia kwa nani? Angalia uteuzi wa CCM wa 1995. Raundi ya kwanza Kikwete alipata 534, Mkapa 459, Msuya 336. Kikwete anaongoza kwa kura 75, wapambe wanakumbatiana, lakini ana asilimia 40 tu. Msuya akatoka, raundi ya pili ikaja: Mkapa 686, Kikwete 639. Kati ya zile kura 336, ni kama 227 zilimwendea Mkapa na 105 tu kwa Kikwete. Aliyeongoza akashindwa kwa kura 47, na zote zilikuwa mikononi mwa watu ambao kwenye raundi ya kwanza hawakumtaka yeye wala Mkapa. Mwaka 2005 Kikwete hakurudia kosa: alipata 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mwandosya, akamaliza kazi raundi moja. Alikuwa ameshajua kwamba ukifika raundi ya pili unakuwa mfungwa wa watu wa mtu mwingine.

Kwa hiyo ukikaa na wajumbe wenzako, usiwaulize wanamtaka nani. Waulize: asipopita huyo, unampa nani? Andika majibu kwa mkoa. Ukiona jina moja linatajwa la pili na kambi mbili zinazochukiana, huyo mtazame vizuri hata kama hana bango hata moja barabarani. Na ukiona mtu anaongoza kwa majina ya kwanza lakini hatajwi na yeyote kama wa pili, ujue ana dari, na dari hilo fedha haziliinui.

Sasa nikupe haki yako, maana una hoja moja nzito. Aliyekatwa aliondoka. CCM walitangaza jina tarehe 12 Julai, Lowassa akahamia CHADEMA tarehe 28 Julai, Mkutano Mkuu wa CHADEMA ukampitisha tarehe 4 Agosti, na siku ya uteuzi wa wagombea ya Tume ya Uchaguzi ilikuwa 21 Agosti. Kati ya Mkutano Mkuu wa CCM na siku ya Tume kulikuwa na siku 40. Kwa mtu aliyeumia, mwenye fedha na mtandao, siku 40 zinatosha kuhamia chama kingine na kuchukua fomu. Matokeo unayajua: Magufuli asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Hakuna mgombea wa CCM aliyewahi kupata asilimia ndogo hivyo tangu 1995. Hiyo ndiyo gharama ya kumkata, nami siipunguzi.

Lakini ipime na gharama ya kumteua. Septemba 2007 pale Mwembeyanga, Temeke, Dk. Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Lowassa lilikuwemo. Upinzani uliishi kwa hotuba ile miaka minane. Lowassa angekuwa mgombea wa CCM, kampeni yao ilikuwa imeshaandikwa. Walikuwa na kazi ya kubadilisha tarehe tu. Ushahidi wa uzito wa mzigo ule ni kilichowapata waliompokea. Slaa, aliyekuwa amegombea urais 2010 akapata asilimia 27 hivi, akaachana na siasa za vyama. Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF tarehe 6 Agosti. UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani uliomsimamisha Lowassa, ukapoteza majemadari wawili kwa kumpata mmoja. Kama alikuwa mzigo kwa watu waliokuwa na njaa ya kura, fikiria angekuwaje kwa chama kilichokuwa kinajitetea kwa tuhuma zilezile.

Na kuondoka kwa mtu si sawa na kuondoka kwa kundi. Kenya mwaka 2002 Rais Moi aliwapa chama chake tawala, KANU, jina la Uhuru Kenyatta awe mgombea urais. Waliokasirika hawakutoka mmoja mmoja: Raila, Kalonzo, Saitoti na wenzao walitoka na majimbo yao, na tarehe 14 Oktoba pale Uhuru Park wakatamka «Kibaki tosha». Kibaki akashinda kwa asilimia 62, Uhuru akabaki na 31. Dodoma 2015 alitoka Lowassa, baadaye Sumaye, kisha mzee Kingunge, lakini wale watatu wa Kamati Kuu walibaki ndani, na wabunge wengi waliokuwa kambi ile waligombea kwa tiketi ya CCM. Sababu si mapenzi tu. Kura za maoni za ubunge zilikuwa karibu sana na mchujo wa urais. Mtu alikuwa na jimbo lake la kulinda, na kuhama wakati ule kulimaanisha kuanza upya kwenye chama chenye mgombea wake tayari. Ratiba ilifanya kazi ambayo hotuba za kuvunja makundi haziwezi kuifanya.

Juu ya 2030 unayoisubiri, nina mambo ya kukuonya. Rais Samia hawezi kugombea tena: ibara ya 40 ya Katiba ya nchi inasema makamu aliyemalizia muda wa mtangulizi kwa miaka mitatu au zaidi anagombea mara moja tu, na yeye aliapishwa Machi 2021. Kiti kitakuwa wazi. Lakini wajumbe watakaoketi 2030 wanapatikana kwenye uchaguzi wa ndani wa 2027, kuanzia shina na tawi. Anayeanza kutafuta wajumbe 2029 atakuta wameshachukuliwa. Pili, vikao vimepungua ukubwa. Machi 2017 CCM walibadili katiba yao: Kamati Kuu kutoka 34 hadi 24, na Halmashauri Kuu ikapunguzwa zaidi ya nusu. Walisema ni kubana matumizi, na kweli posho zimepungua. Ila kikao kidogo kinanunulika kwa bei nafuu kuliko kikubwa, na hakuna kanuni ya maadili inayobadilisha hesabu hiyo. Tatu, mchujo wenyewe umesahaulika. Mwaka 2020 Magufuli hakuwa na mshindani, na Januari 2025 Mkutano Mkuu maalumu ulipitisha jina la Samia kwa azimio. Kufikia 2030 itakuwa miaka 15 tangu wajumbe wachague kati ya watu watatu. Wengi watafika Dodoma wakijua kushangilia, wasijue kuhesabu.

Usidharau makaratasi pia. Agosti 2025 chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kilimteua Luhaga Mpina kugombea urais siku chache baada ya kutoka CCM. Likaja pingamizi kwamba kanuni za chama chenyewe kuhusu muda wa uanachama hazikufuatwa. Tume ikamwengua, Mahakama Kuu ikamrudisha Septemba, Tume ikamwengua tena kwa pingamizi jingine. Haki ya nani ilivunjwa tunaweza kubishana siku nyingine. La uhakika ni kwamba jina lao halikuwepo kwenye karatasi ya kura. Kabla ya kumbeba mtu, soma kanuni zenu za uteuzi kifungu kwa kifungu, linganisha tarehe ya kadi yake, umri usiopungua miaka 40, uraia wa kuzaliwa, kisha wadhamini wa Tume: wapiga kura 200 kwa kila mkoa katika mikoa isiyopungua 10, angalau miwili ya Zanzibar. Kasoro zikionekana mapema zinarekebishika. Zikionekana kwenye pingamizi, zimekuwa za mpinzani wako.

Halafu kuna mgombea mwenza. Katika barua yako yote hukumtaja hata mara moja. Katiba inataka atoke upande wa pili wa Muungano, na atoke chama kilekile. Ndiyo maana Juma Duni Haji ilibidi atoke CUF ajiunge CHADEMA ili asimame na Lowassa. Mwaka 2015 kura zilihesabiwa usiku kucha juu ya nani awe rais, na jina la Samia Suluhu Hassan likatangazwa na kushangiliwa bila mjadala wowote wa kuitwa mjadala. Miaka mitano na miezi minane baadaye, kwa ibara ya 37, ndiye aliyeapishwa. Mkutano ule uliteua marais wawili, na wa pili ukamteua kwa makofi. Ukipata nafasi ya kusema chochote kwenye kikao 2030, mimi ningekushauri uitumie hapo: jina la mwenza lije pamoja na jina la mgombea, wajumbe wapewe muda wa kuhoji, hata nusu saa.

Nijibu kwanza hoja ya zile kura 336 za Msuya, maana hiyo najua hutaipenda. Wasalimie wote.

Wako katika ubishi,
Rafiki yako