Anayetaka kuasili mtoto aanzie kwa shirika, si wodini

Mhariri,

Kila habari ya mtoto mchanga aliyeokotwa inapotoka gazetini, hawakosi wanandoa wa kufika kituo cha polisi au hospitalini wakiomba wapewe wamlee. Nia yao ni njema. Hata hivyo mtoto huyo hawezi kukabidhiwa mtu siku hiyo wala wiki hiyo, na wengi hurudi nyumbani wamevunjika moyo, wakidhani wamenyimwa kwa kuwa hawakutoa chochote. Tunaomba nafasi tueleze sheria ya Kenya inavyokwenda.

Mtoto aliyetelekezwa huandikishwa kwanza katika kitabu cha matukio cha polisi, na nambari ya kitabu hicho (OB) humfuata katika kila hatua. Afisa wa watoto hulifikisha suala mahakamani, mahakama ikaamuru mtoto awekwe katika makao ya watoto, huku polisi wakimtafuta mzazi au jamaa. Wakikosa, huandika barua kuthibitisha kwamba hakuna aliyejitokeza. Barua hiyo isipopatikana, faili husimama na mtoto hatangazwi kuwa huru kuasiliwa. Ndiyo maana tunawasihi wanahabari wasichapishe uso wa mtoto wala alama za mwilini mwake: zikishajulikana na kila mtu, polisi hawana tena cha kumpimia anayedai kuwa mamake.

Kwa mama anayemtoa mtoto kwa hiari, Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mtoto awe ametimiza angalau wiki sita kabla ya mipango ya kuasiliwa kwake kuanza. Muda huo una maana kubwa. Msichana aliyejifungua juzi, anayewaogopa wazazi wake na asiye na hata nauli, anaweza kukubali leo na kumlilia mwanawe mwezi ujao. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote: wanandoa wanaelewana na mama kwa mdomo, wanamlipia bili ya hospitali, wanampa pesa, kisha wanamwandikisha mtoto kana kwamba wamemzaa wao. Kutoa malipo ili kupata mtoto ni kosa, na kutoa habari za uongo katika usajili wa vizazi ni kosa jingine. Mama akirudi baada ya miaka miwili, hamna karatasi ya kuwatetea, na anayeumia zaidi ni mtoto.

Mlango sahihi ni shirika la uasilishaji lililosajiliwa. Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo itawaelekeza, na mkifika ombeni kuona cheti cha usajili na mtazame tarehe ya mwisho wake. Mwombaji, au mmoja wenu mkiomba pamoja, awe ametimiza miaka 25, awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na awe hajafika 65. Maombi ya pamoja ni ya waliooana. Wanaoishi pamoja bila cheti, au waliooana kimila bila kusajili, waanze kwa msajili wa ndoa. Tumeona faili nyingi zikikaa bure kwa kukosa karatasi hii moja.

Andaeni vitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vyenu vya kuzaliwa, cheti cha maadili mema kutoka kwa idara ya upelelezi, ripoti za daktari, hati za malipo au taarifa za benki, barua za wadhamini na picha za nyumba. Cheti cha maadili kiombeni mapema kwa sababu ya alama za vidole. Kuhusu mapato, si lazima muwe matajiri. Kinachotazamwa ni kama mtoto atakula, atatibiwa na atasoma bila nyumba kuyumba. Nyumba ya kupanga haiwazuii.

Afisa wa jamii atawatembelea na kuwasikiliza pamoja, kisha mmoja mmoja. Mara nyingi hapo ndipo hujulikana kwamba mmoja ameburutwa tu na mwenzake, au kwamba kidonda cha kukosa mtoto bado kibichi mno. Afadhali kusubiri mwaka mmoja kuliko kumleta mtoto aje kuziba pengo. Zungumzeni pia na wazazi wenu na ndugu zenu kabla afisa hajaja. Shangazi anayesikia habari hii mara ya kwanza siku ya sherehe ndiye atakayemwambia mtoto kwamba si wa ukoo.

Waombaji wengi hutaka mtoto mchanga, hasa wa kike, kwa hiyo anayetaka hivyo asubiri zaidi. Anayekubali mvulana, mtoto aliyeanza kutembea, au ndugu wawili wasiotenganishwa, ana nafasi kubwa. Jambo moja la afya limewanyima watoto wengi nyumba bila sababu: kipimo cha kawaida cha virusi vya ukimwi kinaweza kuonyesha kingamwili za mama zilizobaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18. Ulizeni kipimo cha PCR, ambacho hutafuta kirusi chenyewe, kabla ya kuamua lolote.

Mtoto akishakabidhiwa kwenu, ni lazima akae mikononi mwenu angalau miezi mitatu mfululizo kabla ya kwenda Mahakama Kuu. Tangu 2021 sheria ya ajira inampa mfanyakazi anayeasili likizo ya mwezi mmoja yenye malipo kamili kuanzia siku ya kukabidhiwa, ila mwajiri aarifiwe kwa maandishi siku 14 kabla, pamoja na hati za shirika. Wengi huikosa kwa kuandika wakiwa tayari wamembeba mtoto. Daini pia kitabu cha kliniki na mwone chanjo zilizokwisha, zikiwemo za wiki ya 6, 10 na 14, ili zisirudiwe wala zisirukwe.

Mahakamani mtahitaji wakili. Jaji huteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika kesi, na husoma ripoti yake, ya shirika na ya Katibu wa Huduma za Watoto. Amri ikitolewa, mtoto huingizwa katika daftari la watoto walioasiliwa, na mbele ya sheria huwa mtoto wenu sawa na wa kuzaa, hata katika urithi.

Kwa Waislamu, sheria hiyo ya 2022 inatambua kafala: mtoto analelewa kwenu na kubaki na nasaba yake. Kwa kuwa hawi mrithi wenu kisharia, mwandikieni wasia mkiwa hai, usiozidi theluthi ya mali, na uandikwe mbele ya mashahidi wanaojulikana na jamaa.

Wahudumu wa jamii katika masuala ya watoto,
Mombasa