Kwa Halima, kuhusu vyura wa Anchicayá

Mpendwa Halima,

Salamu nyingi, na poleni na baridi ya huko Hamburg. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia kwamba kikundi chenu kimeamua kuwachangia vyura wa sumu wa Kolombia. Umeniuliza pesa ziende wapi. Nakujibu bila kuficha, kwa kuwa pesa nyingi za namna hii huishia kwenye miche ya kupanda miti.

Mliyemchagua, Oophaga lehmanni, yumo kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ni mweusi mwenye mikanda myekundu au ya njano, na kwao ni misitu ya bonde la mto Anchicayá, magharibi mwa Kolombia. Jike hutaga mayai machache tu juu ya jani. Yakishaanguliwa, humbeba kila kiluwiluwi mgongoni na kumtia kwenye kidimbwi chake peke yake: maji ya mvua yaliyotuama kwenye kwapa la jani la bromelia, mmea wa jamii ya nanasi unaoota juu ya miti. Baadaye huwa anarudi, wiki baada ya wiki, kutaga humo mayai yasiyorutubishwa, na hayo ndiyo chakula cha mtoto. Ukimchukua mama umeua na watoto wake. Na ukiondoa bromelia, hana pa kulelea hata kama wadudu wamejaa tele.

Ndiyo maana siungi mkono siku ya kupanda miti. Msitu mchanga hauna bromelia za kutosha, wala zulia la majani makavu wanamoishi chungu na utitiri, ambao ndio wanaowapa vyura hawa sumu yao. Lindeni kwanza msitu uliosimama. Msiulize hekta tu, ulizeni na upana: jua na upepo mkavu huingia makumi ya mita kutoka ukingoni, kwa hiyo ukanda wa mita 100 unakuwa karibu wote ni ukingo. Ng'ombe wazuiwe, na magogo yaliyoanguka yaachwe yaozee hapohapo.

Kununua ardhi kunawezekana mahali pengine. Mwaka 2012 ProAves, shirika la uhifadhi la Kolombia, lilifungua hifadhi ndogo huko Timbiquí, kwenye pwani ya Pasifiki ya Kolombia, kwa ajili ya Phyllobates terribilis, chura mwenye sumu kali kuliko wote. Lakini sehemu kubwa ya pwani ile ya Pasifiki ni ardhi ya pamoja ya jamii za watu weusi, kwa Sheria Namba 70 ya mwaka 1993, na ardhi hiyo haiuzwi. Hapo mnazungumza na baraza la jamii, na kinachotakiwa ni mishahara ya walinzi wanaotoka vijiji vilevile, ya miaka mitatu au minne mfululizo. Mlinzi wa miezi sita akiondoka, wawindaji wanarudi.

Na wawindaji wapo. Aprili 2019, uwanja wa ndege wa Bogotá, vyura zaidi ya 400 walikamatwa wakiwa njiani kwenda Ujerumani. Kwa hiyo nakuomba sana, picha zenu za msituni zisiwekwe mtandaoni zikiwa na mahali zilipopigwa. Zima GPS ya simu kabla ya kuingia, na mto au kijito msiutaje kwa jina.

Mkienda kutembelea, viatu ni jambo la kufa na kupona. Kuvu wa kitridi, anayeua vyura kwa kuharibu ngozi yao, husafiri kwenye tope bichi. Sugua tope lote kwanza, kwa kuwa jiki ikikutana na uchafu nguvu zake huisha. Kisha loweka kwenye sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, suuza mbali na kijito, anika mpaka soli ikauke kabisa. Wengi huruka hatua ya kwanza, na dawa inakuwa ya bure.

Wale wenzenu wanaofuga vyura nyumbani wana moyo mzuri, ila wa kwao wasirudishwe msituni kamwe. Lehmanni huzaana vizimbani na Oophaga histrionica, ndugu yake wa karibu, na nasaba ikishachanganyika haitenganishiki tena. Isitoshe, aliyekulia kwenye nzi wa matunda hana sumu. Vyura wetu wa korongo la Kihansi, Tanzania, waliweza kurudishwa kuanzia 2012 kwa sababu asili yao ilijulikana tangu wale 499 walipopelekwa Marekani mwaka 2000, na mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamewekwa korongoni kuwasubiri.

Kupima kama pesa zinafanya kazi si lazima kumshika chura. Hawa huita mchana. Mlinzi atembee njia ileile ya mita 100, asubuhi, saa ileile, ahesabu madume wanaoita na aandike kama usiku ulikuwa na mvua. Bila hiyo habari ya mvua, hesabu ya kiangazi itawatisha bure.

Niandikie kiasi mlichonacho na jina la shirika mnalofikiria, kabla hamjatuma chochote. Nisalimie watoto.

Rafiki yako,
Salim