Barua kwa mwanangu: konokono watatu ndani ya kiberiti

Dunga, Kisumu

Mwanangu Akinyi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na goti la nyanya yako limepunguza kuuma. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mwalimu amewafundisha kwamba pweza na konokono ni ukoo mmoja, nawe unaona anawatania.

Hawatanii. Wote ni moluska: mwili laini usio na mifupa, na ngozi iliyoufunika kama joho. Joho hilo ndilo linalojenga gamba kwa chokaa. Konokono anatambaa kwa mguu mmoja mpana wa msuli. Kwa pweza mguu huo umegeuka mikono minane, na gamba wahenga wake walilipoteza zamani sana. Ngisi bado anabeba kipande chembamba mgongoni, chini ya ngozi. Kome naye ameachana na kichwa kabisa! Anakaa kwenye tope akichuja chakula kwa matamvua yake. Hayo ya baharini utayasoma kitabuni, mimi si mtu wa pwani.

Wa ziwani ndio ninaowajua. Kabla hujazaliwa nilipata kibarua cha kuwaendesha watafiti kwa mtumbwi. Walivaa gambuti na glovu, wakawachota konokono kwenye gugumaji kwa chujio la waya lenye mpini mrefu. Nikawacheka moyoni: watu wazima wanavua konokono! Kisha wakamtia kila mmoja kwenye glasi ya maji safi, wakaziweka glasi penye mwanga. Baada ya muda wakanipa lenzi. Glasi moja ilikuwa imejaa vijidudu vyenye mkia wa panda, vinachezacheza. Hicho ndicho kichocho, na hakingoji uyanywe maji, kinapenya ngozi. Yai kutoka kwa mgonjwa likifika majini huanguliwa, mtoto wake akaingia ndani ya konokono, akazaana humo kwa wiki kadhaa, kisha maelfu wakatoka mchana, saa zile zile ambazo sisi watoto tulikuwa tukiogelea. Nilinyamaza siku nzima. Vile vidonge vichungu nilivyomezeshwa utotoni nikavielewa siku hiyo.

Sasa fungua kiberiti nilichokutumia. Usiogope, ni magamba matupu na nimeyachemsha.

Lililo bapa, limejikunja kama kamba iliyoviringwa sakafuni, ni la Biomphalaria, mwenyeji wa kichocho cha tumbo. Akiwa hai damu yake ni nyekundu kama yako, ilhali ya pweza ni ya buluu na inasukumwa na mioyo mitatu. Haya mawili yenye ncha yashike ncha ikiwa juu, mdomo wa gamba ukikutazama. Mdomo ukiwa kushoto, huyo ni Bulinus, wa kichocho cha mkojo. Ukiwa kulia, lile kubwa, ni Bellamya. Huyo hana kesi ya kichocho. Anapumua kwa matamvua, anazaa watoto hai, na ana mfuniko wa kujifungia mlango. Wale wawili hawana mfuniko, tena wana pafu, ndiyo maana huwaona wakipanda juu kuvuta hewa.

Kwa hiyo ukiulizwa kama konokono wa ziwani ni wabaya, uliza kwanza yupi. Samaki kamongo yeye hachagui. Ukimpasua tumbo unakuta magamba yaliyosagwa, na ni mmoja wa wachache ziwani wenye meno ya kazi hiyo.

Mwonyeshe mwalimu wako, ila kiberiti ukirudishe likizo ikifika. Nilitaka kukutumia na gamba la kome, lakini mdogo wako alilikanyaga asubuhi akikimbilia chai.

Baba yako