Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro Kuhusu Njia ya Morningside

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: OMBI LA KUITENGENEZA NJIA YA MORNINGSIDE KWA AJILI YA WANAOPANDA MLIMA KWA MIGUU

Naomba upokee salamu zangu za heshima. Ninakuandikia nikiwa mkazi wa Manispaa ya Morogoro, mtu aliyeanza kupanda Uluguru akiwa mtoto nyuma ya shangazi yake, na ambaye mpaka leo hupanda kila anapopata Jumamosi isiyo na msiba wala harusi. Nimeamua kuandika barua hii hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawagusa watu wengi, wakiwemo wasiojua kuwa linawagusa.

Kila anayeamka Morogoro huamka na Uluguru mbele ya macho yake. Mlima upo dirishani, upo nyuma ya soko, upo juu ya mapaa ya stendi, na ukijifunika wingu asubuhi tunajua mchana utakuwaje. Hata hivyo wapo wenyeji wenzangu wenye umri wa miaka hamsini ambao hawajawahi kufika hata Morningside, pale kwenye jengo la enzi za Wajerumani linalotazama mji. Nikiwauliza sababu, hawaniambii kuwa hawapendi. Wananiambia kuwa hawajui wapite wapi, hawajui kama wanaruhusiwa, na hawajui wakifika watakaa wapi na watoto. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kuna jambo la nne, na hilo ni jipya. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, safari iliyokuwa ikila nusu ya siku barabarani imekuwa ya chini ya saa mbili. Familia ya Dar es Salaam inaweza kunywa chai nyumbani kwao, ikapanda mlima wetu, ikala chakula cha mchana kwenye kivuli, ikarudi kulala kwake. Zamani mgeni wa namna hiyo alihitaji gari lake mwenyewe na kitanda cha kulala. Leo anahitaji tiketi na viatu vizuri, na tayari wameanza kuja.

Mdogo wangu anayeishi Mbagala ni mmoja wao. Alikuja na mkewe na watoto watatu siku ambayo mimi nilikuwa kazini, nikamwelekeza kwa simu kama nilivyoweza: panda na Barabara ya Boma, ufuate bonde la mto, usiiache njia kubwa. Lakini huko juu njia kubwa na njia ya shamba hufanana. Penye njia panda mojawapo walishika mkono usiofaa, wakapita kati ya migomba, wakatokea katikati ya shamba la njegere la mtu. Mwenye shamba, mama wa makamo, aliweka jembe chini akawaambia, "Mmepotea, wanangu. Huku ni kwangu, siyo Morningside." Kisha akamtuma mjukuu wake awarudishe njiani. Mdogo wangu alitaka kumpa chochote cha shukrani, mama akakataa, ila akakubali kumuuzia mkungu mdogo wa ndizi mbivu kwa bei ileile anayouza sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na ule udongo wetu mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Mtoto wa mwisho, aliyevaa kandambili, alianguka mara mbili akachubuka goti. Waliishia nusu ya njia, wakala chapati zao juu ya jiwe, wakashuka.

Silaumu ofisi yoyote kwa siku hiyo, na mdogo wangu mwenyewe anaisimulia kwa furaha. Lakini nimeifikiria sana, kwa sababu vitu vilivyokosekana ni vidogo mno ukilinganisha na mlima wenyewe: kibao kwenye njia panda, mtu wa kumwambia asubuhi kwamba leo kuna utelezi, na mahali pa kukaa. Hilo ndilo ombi langu lote, Mheshimiwa. Siombi hoteli, siombi barabara ya lami mpaka kileleni, wala siombi magari ya kamba yapite juu ya mashamba ya watu. Naomba njia ya Morningside itambuliwe rasmi kuwa njia ya matembezi ya wananchi, ipewe msimamizi, na itunzwe.

Vibao havihitaji maneno mengi. Kila penye njia panda kiwekwe kibao cha mbao au cha saruji kinachoonyesha upande wa Morningside, upande wa kurudi mjini, na muda ambao mtu wa kawaida mwenye mtoto atautumia. Mahali njia inapoendelea kuelekea kilele cha Bondwa, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kiandikwe wazi kwamba mbele ni msitu wa hifadhi, kwamba kibali kinahitajika, kinapatikana ofisi gani na kwa kiasi gani. Mtu anayejua bei kabla ya kuondoka nyumbani hulipa kwa moyo mweupe. Anayeambiwa bei akiwa ameshachoka na jasho linamtoka hujiuliza pesa hiyo inakwenda wapi, hata kama inakwenda panapostahili.

Kuhusu mahali pa kukaa naomba uniruhusu nieleze kwa kirefu, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mtanzania akienda matembezi hubeba chakula. Watu wa pwani wana neno lao la zamani, mandari, na sisi wa bara tunasema pikiniki, lakini kitu ni kilekile: hotpoti ya pilau, chupa ya chai, mkeka, na watoto wanaokimbia huku na huku. Watu hao wakiachwa wajichagulie wenyewe, watakwenda kukaa mtoni. Nani hapendi kukaa karibu na maji yanayoteremka juu ya mawe? Maji hayo ndiyo yanayotutia wasiwasi sote. Uluguru ndiko Mto Ruvu unakoanzia, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayowanywesha watu wa Dar es Salaam na Pwani. Mto Ngerengere, unaojaza bwawa la Mindu linalotupa maji sisi wa mjini, nao unatoka katika milima hiyohiyo. Kwa hiyo mgeni wa Mbagala anayeosha sahani za pilau kwenye kijito cha Uluguru anaweza kuwa anachafua maji atakayoyakinga kwenye ndoo yake mwenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshatupa kipimo: mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji, shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu haziruhusiwi. Napendekeza yachaguliwe maeneo matatu au manne yaliyo nje ya mita hizo 60, penye kivuli na penye kuonekana mji chini, yawekewe mabenchi ya magogo na vyoo vya shimo vilivyojengwa vizuri. Mtu akipata kivuli, benchi na choo, hatahitaji kwenda kujificha kichakani karibu na kijito. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ina makao yake hapahapa Morogoro, na ninaamini wataalamu wake wanaweza kutembea njia nzima siku moja wakasema hapa panafaa na hapa hapafai.

Moto uzuiwe kabisa. Najua tunapenda kuchoma nyama, na najua harufu ya mishikaki juu ya mlima ingekuwa nzuri. Lakini mwezi wa Septemba na wa Oktoba, majani yakikauka na upepo ukavuma kutoka bondeni, cheche moja inatosha kula mteremko mzima. Chakula cha moto kiuzwe na wakazi wa mtaa, kwenye majiko yao, majumbani kwao: magimbi, ndizi za kuchemsha, mahindi, chai ya tangawizi na mdalasini wa hukohuko mlimani. Mgeni atakula vizuri zaidi kuliko alichobeba, na mwenye nyumba atapata senti.

Na takataka zishuke na mwenye nazo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za maji hazikupigwa marufuku, na ndizo ninazoziokota. Mapipa ya taka huko juu siyaungi mkono. Pipa likijaa na gari la taka halifiki, linakuwa jalala lenye mfuniko. Mpandaji ahesabiwe chupa zake anapoanza na aonyeshe idadi ileile anaporudi. Kazi hiyo inaweza kufanywa na kijana mmoja mwenye daftari.

Hapo ndipo ninapofika kwa watu wa mlimani wenyewe, Mheshimiwa, na naomba hapa unisikilize kuliko popote. Njia hii si njia ya matembezi tu. Ni njia ya akina mama wanaoteremka alfajiri na vikapu vya karoti, kabichi na stroberi vichwani kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu, na kupanda tena jioni na sukari, chumvi na mafuta ya taa. Nimeshuhudia kundi la vijana wapandaji likiwa limetanda njia nzima, wanapiga picha, huku mama mwenye kikapu akisimama ukingoni mpaka wamalize. Hakusema neno, ila shingo yake ilikuwa imekakamaa kwa uzito. Kanuni ya kwanza kabisa kuandikwa kwenye kibao cha kwanza iwe hiyo: mwenye mzigo hupita kwanza.

Milima hii ina kumbukumbu ya mipango iliyopangwa bila wenyewe. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini watu hawakusikilizwa, kazi iliwaelemea, na mwaka 1955 machafuko yakazuka Matombo. Wazee wetu walisimuliwa hayo na wazazi wao, na sisi tukasimuliwa na wazee wetu. Ndiyo maana naomba hata jambo dogo kama vibao na mabenchi lianzie kwenye mikutano ya mitaa ambayo njia inapita, wenye mashamba wakiwepo na wakiulizwa njia ipite wapi isiwale mazao yao. Waongozaji watoke kwenye mitaa hiyo, waandikishwe, wavae vitambulisho, bei yao ibandikwe ukutani mahali pa kuanzia, na malipo yapite kwenye namba ya malipo ya serikali yenye risiti. Sehemu ya mapato, kwa kiwango kitakachokubaliwa katika mikutano hiyo, ibaki mtaani kwa ajili ya kuziba makorongo ambayo mvua za masika huchimba njiani kila mwaka.

Huenda wasaidizi wako watakuambia kwamba mkoa wetu una vivutio vikubwa zaidi. Ni kweli. Tuna Mikumi, ambayo barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati yake, na tunashirikiana na Iringa hifadhi ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992, ambako mtu hutembea kwa miguu mpaka kwenye maporomoko ya Sanje yenye kimo cha takriban mita 170. Lakini Mikumi inahitaji gari, na Udzungwa ni safari ndefu kwa mtu mwenye siku moja. Uluguru unaanzia pale nyumba zetu zinapoishia. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, ina zaidi ya hekta 24,000 na ni sehemu ya Tao la Mashariki, ile mnyororo wa milima inayoanzia Taita nchini Kenya na kuja mpaka Udzungwa. Ndani yake yumo ndege mwenye kichwa cheusi na kifua cha njano asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Wapo wazungu wanaovuka bahari kuja kumtafuta. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya Morogoro angeweza kumtafuta siku ya Jumamosi na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Wataalamu hatukosi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo chini ya mlima huu, kina ndaki nzima ya misitu, wanyamapori na utalii, na wanafunzi wake wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Wakipewa kazi ya kupima njia na kuchora ramani moja nyepesi inayoweza kubandikwa kituo cha treni na stendi ya mabasi, nina hakika wataifanya vizuri. Wakala wa Huduma za Misitu, manispaa, bodi ya bonde na serikali za mitaa kila mmoja ana kipande chake katika jambo hili, na ofisi yako, Mheshimiwa, ndiyo inayoweza kuwaita wote wakae meza moja. Ndiyo maana nimekuandikia wewe na si mmoja wao.

Kama ratiba yako inaruhusu, nakukaribisha tupande pamoja Jumamosi yoyote kabla ya masika. Tukutane saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwanzoni mwa Barabara ya Boma, kabla jua halijawa kali. Nitakuonyesha njia panda aliyopotelea mdogo wangu, na kama yule mama atakuwa shambani, tutamsalimia na kumuuliza yeye angependa kibao kiwekwe upande gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Morogoro