Barua kwa mwanangu: saa moja asubuhi bila jua

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku sote hatujambo, hofu ni kwako tu.

Nianze na lugha, maana naona imeanza kukusumbua kabla ya baridi. Ukisema "saa moja asubuhi", Kiswahili kinakuambia kwamba jua limeshachomoza na saa nzima imepita. Ndivyo saa zetu zilivyohesabiwa, kuanzia macheo. Huko kaskazini, mwezi wa Novemba, utatamka "saa moja" na nje bado giza. Utatamka "saa kumi na moja jioni" na usiku umeshaingia. Mwili wako unafuata hesabu ya jua, kazi inafuata hesabu ya ukutani, nawe umebaki katikati ukidhani umekuwa mvivu. Si uvivu, mama.

Hata jina la majira haya linateleza. Wengine huandika "vuli", lakini vuli ni mvua. Mtu akilisikia anawaza jembe. Mimi nitasema majira ya kupukutika. Ni refu, ila linasema kinachotokea.

Tarehe 22 au 23 Septemba mchana na usiku hukaribia kulingana, kisha mizani inalala upande mmoja, haraka kuliko watu wanavyodhani. Kwenye latitudo 50, yaani digrii 50 kaskazini mwa ikweta, wakati huo mchana hupungua karibu dakika 4 kila siku, yaani kama nusu saa kwa wiki. Kwenye latitudo 60 ni zaidi ya dakika 5 kwa siku. (Kusini mwa dunia haya yote huanzia Machi.) Kwa hiyo wanaokuuzia "utulivu wa msimu" ndani ya mshumaa wa manukato wanakuuzia kitu cha kukaa nacho, na majira haya hayakai. Utakachoweza ni kujipanga upya kila wiki, kwa vitendo vidogo vyenye siku yake.

Cha kwanza ni nuru ya asubuhi. Bila hiyo, mengine yote ni mapambo. Nuru inayoingia machoni asubuhi ndiyo inayoiambia saa ya ndani ya ubongo kwamba siku imeanza, na melatonini, homoni ya usiku, ishuke. Ndani ya nyumba yenye taa nzuri utapata luksi (kipimo cha nuru) mia chache tu. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, mchana kwa kawaida unapita 1,000, na mara nyingi ni maelfu kadhaa. Jicho halikuonyeshi tofauti hiyo kwa sababu linajirekebisha, ndiyo maana mtu hukaa dirishani akaamini ametoka nje. Toka kweli: dakika 20 hadi 30, karibu na macheo, bila miwani ya jua, ukitembea tu. Usilikodolee jua lenyewe. Kama unaingia kazini gizani na kutoka gizani, chukua dakika hizo saa sita mchana, hata kama chakula utakila baadaye.

Wako ambao kutembea hakutoshi. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walieleza aina ya sonona inayorudi kila majira ya kupukutika na baridi: usingizi mwingi usioshibisha, hamu kubwa ya wanga na vitu vitamu, uzito kupanda, na kuwakimbia watu. Hali hiyo hutibiwa. Mojawapo ya tiba ni taa maalumu ya luksi 10,000, iliyochujwa miale ya urujuanimno, ukikaa mbele yake dakika 20 hadi 30 mara tu baada ya kuamka. Watu hukosea mambo mawili. La kwanza ni umbali: taa ni ya luksi 10,000 kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji tu, mara nyingi makumi machache ya sentimita, na ukiisogeza mbali nguvu inashuka vibaya. La pili ni kuitumia jioni, hapo unajiharibia usingizi wenyewe. Mwenye ugonjwa wa macho, au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, amwone daktari kabla ya kuinunua. Na wewe, zikipita wiki mbili hulali vizuri, huna hamu ya chochote, au mawazo ya kujidhuru yakikupitia hata mara moja, acha barua hii mezani uende kwa daktari siku hiyohiyo.

Cha pili, chagua mti mmoja. Nasema mmoja kwa sababu msitu mzima hauangaliki. Uwe karibu, dakika kumi kwa miguu, na uwe wa kupukutisha; msonobari hautakuonyesha kitu. Nenda siku ileile kila wiki, saa ileile, simu mfukoni. Kaa au simama dakika 20. Dakika tano za kwanza huwa za kuchosha na ndege huwa wamekimbia. Kelele zako zikitulia, wanarudi. Andika mistari mitatu kwenye daftari: nini kimebadilika, nini hakijabadilika, na saa ya machweo. Inatosha. Wajapani, idara yao ya misitu ikiwa mbele, walianza mwaka 1982 kuhimiza "shinrin-yoku", kuoga hewa ya msitu, na huko pia wanaoharakisha hatua hawapati kitu.

Ili ujue unachokiangalia, hiki ndicho kinachoendelea. Jani lilikuwa kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo mti huiunda upya wakati wote wa joto. Siku zikifupika, mti unaacha kuiunda na unaivunja ile iliyopo. Rangi ya njano inayotokeza ilikuwemo tangu mwanzo, imefunikwa tu. Nyekundu ni habari nyingine: miti mingi huitengeneza wakati huo, kutokana na sukari iliyokwama ndani ya jani. Ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa ubaridi usiofikia kuganda huwa na wekundu mkali, na mwaka wa mawingu huwa umepauka. Wakati huohuo mti unavuta akiba yake. Mara nyingi karibu nusu ya naitrojeni ya jani hurudi kwenye matawi na mizizi kabla jani halijaachwa. Kinachoanguka kimeshakamuliwa.

Okota kijiti chenye majani ya mwisho, ukishike karibu na macho. Pale kikonyo kinapokutana na kijiti utaona mstari mwembamba. Hapo pana matabaka mawili: moja laini linalokatika, jingine gumu linaloziba kidonda. Sukuma jani kwa kidole gumba; likiwa tayari linaachia bila kuchanika, likiwa bado linang'ang'ania na kuvua ganda. Sasa angalia kovu lililobaki, lina vidoti vidogo ambamo mishipa ilipita. Juu yake kidogo kuna tumba, dogo kama punje, limefungwa kwa magamba. Hilo ndilo jani la mwaka ujao, na liliundwa tangu kiangazi, kabla hili la zamani halijabadilika rangi.

Nakueleza haya kwa sababu ya siku ya kurudisha saa nyuma, siku ambayo huko saa za ukutani hurudishwa kwa saa moja. Sehemu kubwa ya Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba; sehemu kubwa ya Marekani na Kanada ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. Unapewa saa moja ya ziada. Usiilale. Chukua karatasi, igawe sehemu mbili kwa mstari. Upande mmoja andika unachokiacha hadi Machi, upande wa pili unachokivuta kabla ya kukiacha: deni la kukusanya, cheti cha kozi, namba ya simu ya mtu wa ile kamati. Mambo matatu, si zaidi, na kila moja lina tarehe. Wenye kuandika kumi na mbili huacha yote kumi na mbili palepale. Kosa baya zaidi ni la kuacha mizizi: giza likizidi, watu huanza kwa kukata kutembea na kukata kuonana na rafiki, kisha wanashangaa wamekauka.

Cha tatu ni lundo la majani, na hapa nitakaa kidogo, kwani kazi ya mikono inatuliza kuliko kutafakari, angalau kwa watu wa damu yetu. Kama una kiwanja, simika vigingi vinne, mita 1 kwa mita 1, uzungushie wavu wa seng'enge. Kusanya majani kwa reki baada ya mvua, yakiwa mabichi kwa maji. Yakiwa makavu, yamwagie maji kila tabaka la sentimita 20 na uyakanyage. Majani hayaozi kama mabaki ya jikoni, kwa bakteria na joto. Haya huliwa polepole na kuvu, na kuvu inataka unyevu. Ukikuta lundo mwaka ujao lipo vilevile, lilikuwa kavu. Baada ya mwaka mmoja utapata matandazo ya kufunika udongo. Baada ya miwili, mboji nyeusi inayonukia msitu, nzuri kwa kuoteshea mbegu. Ukiyakatakata kwa mashine ya nyasi kwanza, unaokoa miezi. Majani magumu ya kung'aa yatenge, yanaweza kuchukua miaka mitatu. Usichukue ya kando ya barabara kubwa, wala yenye madoa ya ugonjwa kutoka kwenye mawaridi.

Kama huna kiwanja, mfuko mkubwa wa plastiki unatosha: utoboe matundu kama kumi, jaza majani, mwagia maji, funga kwa kulegeza, uweke kivulini. Lundo la wazi lililokaa usilichome moto wala kulichoma kwa uma bila kulifunua kwanza. Kalunguyeye hulala humo.

Halafu tunguu za maua. Chungu cha sentimita 30 chenye tundu chini, udongo wa chungu sehemu tatu, changarawe ndogo sehemu moja. Kanuni ya kina ni mara tatu ya urefu wa tunguu lenyewe, ncha juu. Kwenye chungu unaweza kuzisogeza, ila zisigusane. Dafodili zipandwe Septemba au Oktoba. Tulipu zisubiri Novemba, maana ubaridi hupunguza ukungu unaounguza majani yake. Usizihurumie kwa kuziingiza ndani: tulipu inahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi, na ikikosa huchomoza kikonyo kifupi au maua yasiyofunguka. Kinachoziua ni maji yaliyotuama, kwa hiyo inua chungu juu ya vipande vya matofali. Kindi watafukua siku ya kwanza. Laza wavu juu na uuondoe machipukizi yakitokeza. Vaa glavu, kwa kuwa dafodili huwasha ngozi, na usiziweke jikoni hata dakika moja, zinafanana na vitunguu na zina sumu.

Nikiwa kwenye sumu: uyoga wa majira haya uangalie, upige picha, uache. Kuna uyoga wenye kofia ya kijani hafifu, *Amanita phalloides*, unaofanana na wa kuliwa katika nchi nyingine. Kuupika hakuondoi sumu. Maumivu huanza saa 6 hadi 24 baadaye, kisha hupoa kana kwamba umepona, huku ini linaharibika.

Jioni sina mengi. Washa taa hafifu za rangi ya joto saa mbili kabla ya kulala. Mshumaa ukiupenda, uwe kwenye sahani, mbali na pazia, na uzime kabla hujatoka chumbani. Viatu viwe na meno, kwani majani yaliyolowa juu ya lami yanateleza kama sabuni.

Utawaona mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya Septemba, kisha asubuhi moja hawapo. Wanavuka Sahara. Andika tarehe hiyo daftarini.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui. Siku fupi kuliko zote ni 21 au 22 Desemba, lakini machweo ya mapema kuliko yote hutangulia: kwenye latitudo 50 ni karibu na tarehe 12. Baada ya hapo jioni zinaanza kurudi, ingawa asubuhi zinaendelea kuchelewa hadi mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo kuanzia tarehe 10 andika saa ya machweo kila siku, si kila wiki. Dakika ya kwanza ikiongezeka, nitumie ujumbe.

Mama yako