Barua kwa Mjomba, Barabara ya 12, Tanga

Kalamazoo, Michigan
Marekani

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, hofu ni juu yenu nyumbani. Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia kwamba ukoo umekubali kumfadhili binti yako afanye utafiti wake wa uzamili hapo Tanga, kuhusu namna ya kuwafundisha watoto wenye usonji kuomba wanachokihitaji. Umeniuliza fedha hizo zitumike wapi hasa, maadamu ada imekwisha kulipwa.

Msikimbilie kununua kompyuta. Katika uchanganuzi wa tabia, yaani taaluma yake hiyo inayochunguza jinsi tabia inavyofundishwa na kubadilika, mtafiti hakusanyi mamia ya watu. Huchukua watoto watatu au wanne, na kila mmoja hulinganishwa na yeye mwenyewe. Kwanza huhesabiwa ni mara ngapi anaomba, kwa siku kadhaa kabla ya kufundishwa lolote, ndipo njia mpya ianze, na katika baadhi ya tafiti husimamishwa makusudi ili ijulikane kama badiliko limetokana nayo kweli. Tena baadhi ya vipindi ni lazima vihesabiwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, na kwa kawaida hesabu zao zisipopatana angalau kwa asilimia 80 matokeo hutiliwa shaka. Huyo wa pili anahitaji nauli ya daladala, chakula cha mchana na posho, na asipolipwa hatarudi; utafiti utakuwa umekwama, hata mwanafunzi awe hodari namna gani. Mlipieni huyo kwanza.

Huku iko jumuiya ya kuendeleza uchanganuzi wa tabia iitwayo SABA (Society for the Advancement of Behavior Analysis), iliyoundwa mwaka 1980, ambayo hutoa ruzuku kwa tasnifu za wanafunzi na kwa kazi za kuieneza taaluma hii nje ya Marekani. Aombe huko pia, ila mchango wenu usisubiri jibu.

Kwa wazee wanaouliza kama elimu hii ina manufaa kwetu, waambie habari za Morogoro. Shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997, huwafundisha panya buku, kwa kanuni za elimu hii hii, kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu: panya akipatia, husikia mlio mdogo kisha hupewa ndizi. Profesa Alan Poling wa Chuo Kikuu cha Western Michigan, hapa Kalamazoo, alishirikiana nao katika tafiti zilizochapishwa. (Najua babu atacheka, mwacheni acheke, ilimradi atoe mchango.)

Fedha zitoke kwa awamu: ya kwanza akishapata kibali cha utafiti na ridhaa ya wazazi kwa maandishi, zinazofuata kila akionesha daftari la vipindi vilivyokamilika. Ningependa shangazi awe mtunza hazina, kwa kuwa yeye hakopeshi mtu fedha za shughuli, nawe unawajua ndugu zetu. Mimi nitatuma sehemu yangu mwisho wa mwezi kupitia simu yake.

Nisalimie mama na watoto wote.

Mimi mpwa wako