Jino la kupandikiza likianza kucheza

Mama mmoja wa Kibokoni alituingilia kliniki na leso mdomoni. Alipoishusha, jino lake la mbele la kupandikiza lilikuwa likitikisika kila ulimi ukiligusa. Halikumuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomchelewesha.

Jino hili hushikiliwa na skrubu ya titani inayogandana na mfupa wa taya, kazi aliyoianza Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi kwa mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Uchafu ukijikusanya shingoni mwa jino, fizi huvimba, hutoka damu au usaha, na mfupa huliwa polepole. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huzidisha.

Tulimpiga picha kwanza. Pengine kinachocheza ni taji tu, yaani jino la bandia lililokaa juu ya skrubu, ikakazwa siku hiyo hiyo ukaenda zako. Yeye skrubu yenyewe ilikuwa imeachana na mfupa. Hiyo haiokoki, hutolewa.

"Basi nitieni nyingine leo leo," akasema. Tulimkatalia, na tungemkatalia hata kama angekuwa mamangu. Penye usaha na mfupa uliolika, tunasafisha, tunajaza unga wa mfupa ikibidi, kisha tunangoja, aghalabu miezi 3 hadi 6.

Lakini hatumwachi mtu na pengo muda wote huo. Vipimo vya meno ya bandia ya kuvaa na kuvua tunavichukua kabla ya kung'oa, ili atoke na jino lake. Kazi kubwa iko kwenye kuyakalisha: yasiguse kidonda, maana yakikibonyeza, kidonda hakifungi na mfupa unapotea. Tunapaka dawa nyeupe upande wa ndani, anayavaa, anayavua. Dawa ilipofutika ndipo panapobana, nasi tunapasugua. Kwa mama yule tulirudia mara nne.

Usiku yavue, yalaze kwenye maji. Yasugue kwa sabuni ya maji na brashi laini, si kwa dawa ya meno, inayakwaruza. Mahamri yachovye chai. Muhogo wa kukaanga na mishkaki usiung'ate kwa meno ya mbele. Herufi "s" itakuponyoka siku za mwanzo, soma kwa sauti nyumbani.

Lako likicheza, usilichokonoe kwa ulimi. Njoo mapema, na ulete karatasi uliyopewa ulipopandikizwa: aina nyingi za skrubu zina bisibisi zake, na bila kuijua aina tunapoteza siku nzima tukitafuta.